Mpakuaji wa matikiti anayeambiwa mkono wake haufiki mbali

Saa moja asubuhi, Griffins Wakoli amesimama juu ya lori kando ya Kangundo Road, matikiti maji yamemfika magotini. Anainama, anaokota moja la kilo saba, analikumbatia kifuani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Kisha anangoja.

"Leta!" anaita Obonyo, mpakuaji mwenzake, kutoka chini, mikono yote miwili wazi.

Hapo ndipo tikiti linaporuka. Linakwenda polepole, bila kuzunguka, na kutua mikononi mwa Obonyo bila kishindo. Obonyo anamgeukia mwenzake wa nyuma, naye anaita leta, na mlolongo unaendelea hadi kwenye turubai la sokoni ambako mwenye mali, Perez Adhiambo, anayapanga kwa ukubwa. Saa nzima inapita na halijapasuka hata moja.

Ukimwona hapa, huwezi kuamini kwamba kwa miaka miwili kijana huyu wa miaka ishirini na mbili ameambiwa hajui kurusha.

Griffins ni mrushaji mkuu, au kwotabeki kama wanavyomwita wenzake, wa timu ya Kunguru wa Komarock. Wanacheza mpira wa Kimarekani, ule wa utepe usio na helmeti wala kuangushana. Mwenye mpira akinyofolewa utepe wa kiunoni, mbio zake zimeishia hapo. Wanaume na wanawake wanacheza pamoja, kwenye uwanja wa murram, udongo mwekundu wa changarawe, ambao Jumapili hugeuka kanisa la hema.

Kwa pasi fupi, Griffins hana mpinzani. Balaa lilikuwa pasi ndefu.

"Mita kumi, hata ukifunga macho, mpira itakupata," anasema Jacklyne Mideva, mkimbiaji wa timu, ambaye mchana husuka nywele katika saluni moja mtaani Fedha. "Lakini umwambie atupe mbali, wueh! Nilikuwa nafika huko mbele nangoja mpaka nachoka kungoja."

Mwezi Machi walikuja wateuzi wa kikosi kitakachokwenda kwenye mashindano ya Kampala mwezi Desemba. Walikaa kwenye mawe ya pembeni, wakatazama nusu saa, wakaandika maneno mawili: mkono dhaifu. Walisema watarudi Novemba kuitazama timu mara ya mwisho. Habari hazina miguu lakini hutembea, na kufikia jioni timu nzima ilikuwa imempa jina jipya.

"Waliniita Chumvi," anasema Griffins. "Ati mkono yangu inafika tu pale chumvi iko, kwa meza." Anacheka anapolisimulia, lakini si kicheko cha kutoka moyoni. Jina hilo lilimuuma, na hadi leo linamuuma.

Hakukaa bure. Alipiga pushapu mia mbili kila siku. Alipandisha mitungi ya maji hadi ghorofa ya nne, ya kwao na ya majirani, mpaka majirani wakaacha kusema asante wakaanza kusema "leo umechelewa". Mama yake, Triza Nakhumicha, alilichukua jambo hilo kama tusi kwa jikoni lake.

"Huyu amezaliwa Bungoma. Amekula ugali tangu aote meno," anasema. "Mkono dhaifu ametoa wapi?"

Pamoja na ugali wote huo, pasi ndefu ilizidi kudondoka nyuma ya Mideva.

Mwezi uliopita akaja Okoth, kijana wa Fedha mwenye mkono wa kutisha. Siku ya kwanza alirusha mpira ukavuka uwanja, ukavuka ukuta, ukaangukia kamba ya nguo ya mtu. Kocha Muasya, karani wa ofisi anayefundisha timu bila malipo, alitangaza kwamba Jumamosi iliyopita angewapima wote wawili, pasi ndefu kumi kila mmoja, na kuchagua wa kusimama mbele ya wateuzi.

"Okoth haupeleki mpira anapotaka," alisema Muasya, "lakini mbali unafika."

Siku mbili kabla ya kupimwa, alitokea mgeni uwanjani. Alikuwa Perez, mwenye matikiti, ambaye vijana wa lori humwita Mathe, yaani mama. Alikuja kuona ni kitu gani hiki kinachotaka kumnyang'anya mrushaji wake mwezi wa Desemba, msimu wa biashara. Alikalia mtungi uliopinduliwa, akatazama pasi ndefu sita, zote zikianguka fupi. Kisha akaangua kicheko hadi akashika mbavu.

"Kocha, huyu hana shida ya mkono," alisema. "Huyu anangoja aambiwe leta."

Muasya hakuelewa, na ilibidi Perez amweleze sheria ya lori. Pale sokoni, tikiti likipasuka, anayelipa ni aliyerusha, hata kama mpokeaji alikuwa akichezea simu. Hukatwa shilingi mia mbili hamsini kwa kila tikiti, kutoka kwenye mia nane za siku. Griffins alipoanza kazi, akiwa na miaka kumi na saba, alipasua matatu asubuhi moja, akaenda nyumbani na hamsini mkononi.

"Hiyo siku nililia," anasema bila kuona haya. "Nikaapa siachilii kitu kama sijaona mikono mbili na sijasikia leta."

Kiapo hicho kilimfaa sokoni na kikamponza uwanjani. Pasi ndefu hurushwa mpokeaji akiwa bado amekupa mgongo. Unautuma mpira mahali atakapokuwa, ukiamini kwamba atafika. Griffins alikuwa akimngoja Mideva ageuke. Akigeuka, tayari ameshakwenda mita kumi zaidi, na mpira wenyewe unasukumwa taratibu, kana kwamba una maji mekundu ndani. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na haya yalikuwa na umri wa miaka mitano.

"Miaka miwili nampa pushapu," anasema Muasya, akijikuna kichwa. "Kumbe ugonjwa uko kwa lori."

Dawa nayo ikatoka huko huko. Ijumaa asubuhi, Perez alitenga matikiti matatu yaliyopata ufa njiani. Akamwamuru Obonyo asimame chini ya lori akiwa amegeuka, ajigeuze atakapotaka mwenyewe, na asifungue mdomo.

"Rusha," alimwambia Griffins. "Ikipasuka, ni yangu."

Griffins alishika la kwanza, akabaki nalo. "Mkono ilikataa," anakumbuka. "Naiambia rusha, inaniuliza, kwani amesema?" Mwishowe aliliweka chini. La pili aliliachilia, likapasukia miguuni mwa Obonyo, na soko zima likapiga yowe. La tatu lilikuwa hewani Obonyo alipogeuka. Alilidaka kifuani, maji yakamchuruzika hadi viwikoni, na Perez akapiga makofi peke yake.

Jumamosi, Okoth alianza. Mipira yake ilipaa ajabu, lakini katika kumi ilidakwa miwili tu. Ikaja zamu ya Griffins. Minne ya kwanza ilikuwa ile ile ya zamani, ikichelewa na kudondoka, na pembeni mtu akaita "Chumvi!"

Wa tano, Mideva alikimbia bila kutazama nyuma. Griffins alirusha akiuangalia mgongo wake. Mpira ulipita juu ya bega la Mideva ukamwangukia viganjani, mita thelathini na nane kwa hatua za Muasya, na mkimbiaji hakupunguza mwendo. Katika mitano iliyobaki, Mideva alidaka mitatu. Mmoja ulianguka fupi kabisa, na mwingine ulikwenda kusikojulikana.

Muasya alimchagua Griffins, na Okoth atakuwa msaidizi wake. Kocha hataki kumdanganya mtu. "Mkono wake si wa ajabu. Siku ya upepo atapata taabu, na wateuzi wanaweza kusema yale yale," anasema. "Lakini sasa tunajua anaweza kuachilia."

Okoth ndiye aliyebeba mipira siku hiyo baada ya mazoezi. "Atanifunza kulenga, mimi nimfunze kutupa," anasema. "Hakuna noma."

Wateuzi wanarudi Novemba, na Griffins hajui watakachoandika safari hii. Mama yake amekwisha kuwaahidi majirani kwamba mwanawe atafika Kampala, jambo ambalo Griffins angeomba lingoje kidogo.

Lori limebaki na matikiti machache. Griffins anajifuta jasho, anaokota jingine na kulipakata, na anaulizwa anatarajia nini siku ya wateuzi.

"Nataka wale wasee wakae palepale walikaa Machi," anasema. "Mideva akimbie, asigeuke. Mimi nirushe. Na ikipasuka, hiyo ni yangu, nitalipa."

"Leta!" anaita Obonyo kutoka chini.