Dole Gumba Kwenye Daftari Lile ni Langu

Mhariri wa ukurasa huu, nakuomba ulifiche jina langu na jina la gombolola, yaani tarafa, ninayofanyia kazi. Wasomaji, mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa huku huku Karagwe, na mke wangu ana mimba ya miezi saba. Nilisoma kwa mapadri, na sasa ni karani wa baraza. Kazi yangu ni kuandika kila neno la mdai, mdaiwa na mashahidi. Asiyejua kusoma huweka dole gumba chini ya maneno yake. Nina mwandiko mzuri, na niseme ukweli, nilikuwa najivunia sana.

Kabla ya mvua hizi mjane mmoja alimshtaki ndugu mdogo wa mwami, na mwami ndiye mkubwa wetu wa gombolola na wa baraza, kwamba amemega kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, upande wenye buni. Kwetu mpaka wa kibanja ni mti wa mulamula, na watu huogopa kuung'oa kwa hila, maana wazee husema nyumba ya mtu huyo huzimika. Baraza zima tulikwenda kuutazama. Shahidi wa mjane alikuwa mzee mmoja aliyesaidia kupanda mpaka ule ujanani mwake. Alichuchumaa, akaushika mulamula kwa mkono mmoja, ukang'oka kama kitunguu.

"Huu umepandwa juzi," alisema. "Tuliopanda na marehemu mume wake ulikuwa kule chini. Shimo lake si lile, mnaliona?"

Nikaandika yote, na mzee akaweka dole.

Siku ya pili mchana, watu walipokwenda kula, mwami aliniita. "Karani, ukurasa wa yule mzee umechafuka wino. Uandike upya."

"Haujachafuka, mwami."

Akaniuliza kwa upole, "Baba yako hajambo? Bado yuko kwenye kibanja kile cha mtoni?"

"Bado yupo."

"Mwambie namsalimu."

Nilielewa: mwami akitaka, baba atafukuzwa kwenye kibanja kile. Nilifumua uzi wa daftari, nikautoa ule ukurasa, nikashona mwingine. Niliandika kwamba mzee alisema mpaka haujui. Chini yake palihitajika dole gumba, nikachovya la kwangu kwenye wino. Wazee wa baraza waliposomewa ukurasa ule faraghani, mjane na shahidi wake wakiwa nje, walitazama chini. Mjane akashindwa.

Mnajua nilijifariji vipi? Nilijiambia rufaa ipo. Wakubwa wa baraza la rufaa si ndugu wa mtu yeyote hapa, watalinyoosha jambo hili, nami sitakuwa nimemdhulumu mtu. Mjane alipokuja kukata rufaa alikuwa anatabasamu. "Mimi sina wasiwasi, karani," aliniambia, "maana wewe uliandika kila kitu." Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu. Baraza la rufaa halikuwepo shambani siku ile. Halikuuona mulamula uking'oka. Lina daftari tu, na daftari ni mimi. Tangu siku hiyo mke wangu ananiambia mtoto hachezi tumboni kama zamani. Naogopa hata kumuuliza tena.

Sasa imekuja barua. Baraza la rufaa linataka daftari lenyewe, karani aliyeandika, na mzee yule, mwezi ujao. Mwami aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Matarishi wangu wawili watakusindikiza," alisema. "Njia ya mbugani ina chui siku hizi. Sitaki upotee."

Nimeishi hapa tangu utoto na sijasikia habari ya chui kwenye njia ile.

Jumapili baada ya misa mzee alinifuata barazani. Alikuwa amevaa kanzu yake safi. "Mwanangu, nisomee nilichosema," aliniomba. "Kule wakubwa wataniuliza, nami ni mtu mzima, nisije nikajichanganya."

Nilifungua daftari. Macho yangu yalikuwa kwenye uongo wangu, lakini mdomo ukamsomea maneno yake ya kweli, nayakumbuka yote. Alisikiliza amefumba macho, akiitikia kwa kichwa. "Ndivyo hivyo hivyo, waitu, mwana wetu," alisema, "Mungu akubariki." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Wasomaji, nilitamani ardhi inimeze. Mzee huyu atasimama mbele ya wakubwa aseme kweli, daftari litasema vingine na dole chini yake, nao watamfunga kwa kusema uongo barazani.

Ukurasa wa kwanza, ule wa kweli, sikuuchoma. Nimeufunga kwenye jani kavu la mgomba, uko darini jikoni, mke wangu hajui. Nikiutoa mbele ya rufaa, mjane atapata haki yake na mzee atapona. Lakini mimi nitakwenda jela, baba atafukuzwa kwenye kibanja, na sijui mke wangu atajifungulia kwa nani. Tena sijui kama nitafika huko nikiwa nao mfukoni. Nikinyamaza, nitabaki na kazi yangu na mwandiko wangu mzuri.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wenye wazazi na wenye watoto, niambieni la kufanya, na mnijibu upesi. Mzee ameniomba twende pamoja siku hiyo. Anasema macho yake hayaoni vizuri njiani, kwa hiyo atatembea nyuma yangu, ananiamini.