Swali la Siku ya Kwanza

Ipo asubuhi moja ya miaka ya vita ambayo bado naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi huko Ngagara, mmoja wa mitaa ya jiji letu, suruali imenyooshwa kwa pasi, na nilijiona najua kila kitu kuhusu watoto kwa sababu nilikuwa na cheti. Usinicheke. Hata wewe una cheti.

Ilikuwa siku ya kwanza ya mwaka wa shule. Kama tulivyozoea, nilimsimamisha kila mtoto mbele ya wenzake aseme jina lake, mtaa anaokaa na kazi ya baba yake, nami nikaandika daftarini. Wakati huo watu walikuwa wakihamahama kwa hofu, kila kabila likijitenga katika mitaa yake, na kutaja mtaa wako kulieleza mengi kuliko jina lako. Nililijua hilo. Lakini daftari lilikuwa na safu zake, nami nilitaka zijae.

Zamu ya Goreti ikafika, msichana wa miaka tisa ambaye muda mfupi kabla alikuwa akipiga kelele uwanjani kuliko wote. Alitaja jina. Nilipouliza mtaa, akanyamaza. Nikauliza tena, kwa ukali. Darasa zima likageuka kumtazama.

Tangu siku ile hakutamka neno darasani. Mwanzoni nilisema ni kiburi. Wiki ya tatu nikaanza kuogopa. Hesabu alipata zote, lakini kusoma kwa sauti hakusoma, na bibi yake aliyemlea akaja kuniambia kwamba kama shule inamfanya mtoto bubu, atamweka nyumbani.

Nikaenda kwa direktrisi, mwalimu mkuu wetu, mama mzee aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili.

"Mi nilimuuliza tu anakaa wapi," nikajitetea.

"Ulimuuliza mbele ya watoto makumi ine. Ulitaka kumujua yeye, ao ulitaka kujaza daftari?"

Nikalificha daftari nyuma ya mgongo.

"Basi acha kuuliza. Angalia. Mutoto mwenyewe atakuonyesha fasi ya kupitia."

Nikawa mdadisi wa namna nyingine. Niligundua Goreti anapenda maji: kibao chake cha kuandikia alikiosha mara mbili, mara tatu. Nikamwomba tuoshe pamoja vibao vya darasa zima, pale bombani, wenzake wakicheza karibu. Suruali yangu ikalowa mpaka magotini. Sikuuliza kitu. Nililalamikia chaki mbovu tu, siku baada ya siku, hadi aliponisemesha.

"Hii haiyatakata, mwalimu."

Nilifurahi kukosolewa kuliko nilivyowahi kufurahi kusifiwa. Nikakiosha upya. Siku chache baadaye akaniuliza, "Na we, mwalimu, unakaa wapi?"

Mwanangu, nilikosa la kusema. Nyumbani kwetu tulikuwa tumekimbia miezi mingi. Nililala katika duka la mjomba wangu huko Asiatique, mtaa wa maduka, kati ya majora ya vitenge, na shuleni hakuna aliyejua. Niliogopa, na niliona aibu. Kibao kikaniponyoka mkononi.

Goreti alinitazama. Hakurudia swali. Aliokota kibao, akakisuuza, akanirudishia.

"Apana sema leo, mwalimu. Siku utapenda, utaniambia."

Nililia, tena mbele yake. Kesho yake nilifuta safu ile ya mtaa daftarini. Wiki iliyofuata Goreti alisoma kwa sauti mistari miwili, kisha ukurasa, na bibi yake akamwacha abaki. Kabla ya likizo nilimwambia ninapolala. Naye akaniambia alikotoka, na waliobaki huko. Sikuandika popote.

Sasa wewe unaingia darasani Jumatatu. Mtoto akinyamaza, usimwite mkaidi kabla hujajiuliza kama ni swali lako lililomfunga mdomo. Uwe na hamu ya kumjua, hamu kubwa kabisa, lakini usimdai. Mpe kazi ya mikono, ifanye pamoja naye mahali wengine wanapowaona, umsubiri. Ukiona mzigo wake ni mkubwa kuliko nguvu zako, zungumza na wanaomlea na wakuu wa shule, usijifanye shujaa.

Mungu akujalie uvumilivu, mwanangu. Na siku utakapokosa la kusema, akupe mtoto wa kukusubiri, kama alivyonipa mimi.