Pini Kubwa ya Mgongoni

Mpaka leo nikikumbuka natamani kujifunika uso kwa aproni, lakini mmenishika na hamtaniachilia, basi sikieni: mimi ndiye yule bibi harusi aliyevuka kanisa akipukutika pini njia nzima, pale Nyeri mjini, juu kidogo ya Majengo, na watu wa pande zote mbili wakitazama.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru, na wasichana wa rika letu hatukuwa tukinunua gauni la harusi, tulikuwa tukilizungusha. Hili lilikuwa la Wawira wa Kianyaga, rafiki niliyesoma naye, na lilikuwa limeshaolewa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua (wanene, wembamba, na mmoja mwenye mimba ambaye simtaji). Sharti lilikuwa hakuna mkasi na hakuna uzi, maana mmoja akilipunguza kwa kushona, yule wa baada yake ataingiaje? Kwa hiyo kila bibi harusi alibanwa kwa pini, na jioni pini zikitolewa gauni linarudi lilivyokuwa. Sasa Wawira ni mwanamke wa kujaza kiti, na mimi wakati huo nilikuwa mwembamba kama mpini wa jembe.

Aliyenibana ni tata Nyambura, dada yake baba, na huyo lazima niwaeleze. Tata alikuwa na safu ya pini ndani ya sweta, upande wa moyo, na kwa pini hizo nilimwona akifanya mambo ambayo mpaka leo yananishangaza. Alitoa funza kwenye kidole cha mtoto, mtoto asilie. Alizibua stovu ya mafuta ikawaka bluu, akafunga nepi, akatoa mwiba, akashikilia pindo la pazia, na siku mjomba alipopoteza ufunguo wa sanduku, tata alikunja pini kwa meno, akaichokoza kufuli kidogo akiwa anaongea mambo mengine kabisa, kufuli ikafunguka. Nilikuwa msichana mdogo na nilidhani nimeona muujiza. Kusema kweli bado nadhani hivyo.

Asubuhi hiyo aliniweka kwenye stoo ya kanisa, kule wanakoweka mabenchi mabovu, akanibana mgongoni kuanzia kiunoni mpaka karibu na shingo. Zile za kufunga zilimwishia upesi, akaendelea na zile nyembamba za fundi wa nguo, lakini pale kiunoni aliweka moja kubwa, ya kushikia blanketi, akaigonga kwa kidole. "Hii usiguse," akaniambia. "Hizi zingine zote zimeegemea hii." Kisha akanishushia shela juu ya mgongo, nikawa malkia, naye akatoka kutafuta maua.

Kilichokuwa kikinitia hofu si ndoa, ni mama mkwe. Mimi na Mwangi, bwana harusi wangu, tulikuwa tuanzie maisha nyumbani kwake huko Chaka, na yeye alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba msichana wa mjini, mwenye mikono laini namna hii, hawezi kushika boma. Mwangi aliniambia nisijali, lakini mtajuaje nyinyi ambao hamjaishi jikoni mwa mtu asiyewataka? Nilitaka siku ile moja tu ipite vizuri, anione nimetulia, aseme labda nilikosea.

Basi nikasikia ufunguo ukizungushwa. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa utaratibu, alikuta mlango wa stoo haujafungwa, akaufunga bila kuchungulia ndani, akaenda zake na ufunguo mfukoni. Na kwaya ikaanza.

Mtu mwenye akili angegonga. Mimi nilijua mama mkwe amekaa benchi la mbele, ng'ambo tu ya ukuta wa stoo, angesikia kila pigo, na nikajiona nikitolewa stoo kama mbuzi aliyejifungia, nikasema hapana. Nikakumbuka tata na lile sanduku. Nikajaribu pini ya shela, ikakunjika kama unyasi. Nikajaribu ya nywele, haikufika. Kitasa kilikuwa kile cha zamani, kizito, kilihitaji chuma cha maana, na chuma cha maana kilikuwa kiunoni mwangu. Nikaichomoa (ndiyo, nimeshasema, mnaweza kucheka), nikaikunja kwa meno, nikachokoza, nikasikia kitu ndani kikiinuka polepole na kulala upande wa pili, na mlango ukafunguka. Nilisimama pale nikitazama mkono wangu kama si wangu. Furaha ile sikuipata tena mpaka nilipozaa.

Ila pini sasa ilikuwa imepinda, hairudi. Nikaificha ndani ya glavu, nikazunguka nje hadi mlango mkuu alikoningojea baba, nikamshika mkono, tukaanza kutembea.

Ya kwanza kuanguka niliisikia mwenyewe. Sakafu ni ya saruji, na pini ndogo ikigonga saruji kanisani inasikika kuliko mnavyofikiri. Halafu nyingine, halafu zikaanza kufuatana, na kila nikipumua moja inatoka, nami nikaacha kupumua. Baba akaninong'oneza, ni nini hiyo? Nikamwambia tembea tu. Tulifika mbele nikiwa nimebana viwiko kwenye mbavu, na ningeweza kuolewa hivyo hivyo, lakini mchungaji akasema tupige magoti. Nikapiga. Zilizobaki zikaachia zote, gauni likafunguka nyuma, shela likavutika upande, na baridi ya Nyeri ikanipiga mgongoni hadi kwenye shimizi. Mimi nilikuwa nikilia tayari, na nilijua bila kugeuka ni nani aliye karibu zaidi kuniona.

Ndiye aliyesimama. Akavua shali lake akanifunika, akawageukia wanawake, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Nyinyi wamama, ebu leteni pini."

Nataka mwone nilichokiona. Walitoka kila benchi, wetu na wao, wakanizunguka kwa makoti na leso kama ukuta, na kila mmoja akatoa mkono. Pini zilitoka kwenye vilemba, kwenye sweta zisizo na vifungo, kwenye kamba za shimizi, kwenye nepi ya mtoto (aliendelea kulala, nepi ikishikwa kwa mkono), kwenye kola ya mke wa mchungaji mwenyewe. Wanawake niliowaona wamenyooka vile, kumbe nao walikuwa wameshikiliwa na pini kila mahali, na walizitoa bila kuuliza. Tata alikuwa akizipanga, akiuliza pini yake kubwa imeenda wapi. Kiunoni palibaki wazi, ndogo hazikuweza. Mama mkwe akaingiza mkono ndani ya koti lake, akahangaika kidogo, akatoa moja kubwa, akaifunga yeye mwenyewe.

"Nani alitoa ile ingine?" akaniuliza sikioni.

"Ni mimi, maitu," nikamwita mama kwa Kikuyu. "Nilikuwa nimefungiwa stoo."

"Na ulifungua?"

"Nilifungua."

"Ati na pini." Akanipangusa shavu kwa ncha ya shali. "Basi wewe hakuna mlango itakushinda kwangu. Inuka uolewe."

Nikaolewa. Na nimeapa tangu siku hiyo kwamba sichomoi pini popote, hata kwenye pazia la watu, kabla sijauliza inashikilia nini. Picha ya harusi bado iko ukutani, na wanaoiona huuliza kwa nini mama mkwe amejishika kiuno vile, alikuwa na hasira na mimi? Hakuwa na hasira. Ile pini kubwa ilikuwa ya sketi yake, na aliishikilia kwa mkono wa kushoto mpaka keki ikakatwa, huku kwa mkono wa kulia akiwasalimia watu wetu wote.