Zimwi la Ngome ya Saba

Kafedha wa Kaingu alipokata shauri kumuua baba yake mdogo, Mramba, hakunoa panga wala hakwenda kwa mganga. Alikaa sebuleni kwao mtaa wa Shika Adabu, Likoni, akafungua kompyuta, akachora pua. Ilikuwa pua pana iliyopinda kidogo kushoto. Chini yake akatia mdomo wenye pengo, na ulimi unaochungulia kulamba midomo, vile alivyofanya Mramba kila alipotaka kusema uongo. Kichwani akamvika kofia ya kijivu iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Alipomaliza aliitazama ile sura kwa muda, mate yakamjaa kinywani kama mtu aliyenusa ndimu.

Jina la Kafedha lilikuwa la bibi yake, mama mzaa baba. Ndiyo desturi ya Wagiriama, mjukuu hubeba jina la mzee, na mwenyewe alilelewa akimwita bibi huyo Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama. Hawe Kafedha alikuwa na nywele nyeupe pe na macho mekundu ya moshi, kwa kuwa alipika kwa kuni maisha yake yote. Huko kwao bara, nyuma ya Kaloleni, dalili hizo mbili zinatosha kumtia mzee mashakani. Mtoto wa jirani alipofariki kwa homa, maneno yakaanza kupita chini chini kwamba yule bibi si mtu mzuri.

Mramba, mtoto wa shemeji yake, hakutamka hata siku moja kwamba Hawe ni mchawi. Yeye alikuwa akikaa matangani, akishusha pumzi, akisema, "Mimi sina neno na mtu. Lakini watoto wanakwisha." Basi. Na huku jicho lake likiwa kwenye minazi na mikorosho ya Hawe, ambayo ilipakana na shamba lake mwenyewe.

Jioni moja vijana wakaja na mienge. Hawe alitokea mlango wa jikoni, akakimbilia vichakani, na mwanawe Kaingu, baba yake Kafedha, akaenda kumchukua huko kwa bodaboda. Hawe alifika Likoni na leso moja mwilini, inanuka moshi. Kuanzia hapo aliishi chumba cha nyuma pale Shika Adabu. Kila asubuhi alifagia ua usio wake, na kila mgeni aliyetoka bara alimwuliza kama minazi yake imekwewa. Hakurudi kwao tena. Alipofariki, Mramba alipeleka habari kwamba maiti ikipelekwa kijijini itazua fujo, basi Hawe akazikwa Likoni, katikati ya watu asiowajua. Mramba alihudhuria mazishi. Tena ndiye aliyeongoza sala. Baadaye alimwekea Kafedha mkono kichwani, wakati huo Kafedha akiwa msichana wa sekondari, akamwambia, "Mimi sina neno na mtu, mwanangu."

Kafedha alikwenda nyuma ya nyumba akaosha nywele. Akaziosha tena. Lakini ule mkono ulibaki pale pale.

Miaka ikapita. Kafedha akasomea kompyuta, akapata kazi ya kufundisha katika chuo kidogo karibu na soko la Likoni. Huko ndiko alikokutana na Nicanor, kijana Mjaluo wa Changamwe, mtoto wa mfanyakazi wa bandari, mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Wote wawili walipenda michezo ile ya simu na kompyuta ya kucheza mtu peke yake, ya mapanga na mazimwi na nchi zisizokuwapo. Wakasema, kwa nini tucheze tu ya wenzetu? Wakaanza kutengeneza wao. Waliuita Ngome Tisa. Mchezaji ni binti yatima anayepita ngome moja baada ya nyingine akitafuta mifupa ya mama yake, na kila ngome ina zimwi lake. Nicanor aliandika programu. Kafedha alichora, akatunga hadithi, tena ndiye aliyeshika mizani.

Mizani ndiyo kazi iliyomtoa jasho. Zimwi likiwa jepesi, mchezaji huona amedharauliwa, akaenda zake. Likiwa gumu kupita kiasi, huona ameonewa, akafuta mchezo kwenye simu. Panatakiwa pale katikati, mahali ambapo mtu ameshindwa lakini anajua ameshindwa kwa kosa lake, akasema, "Hebu mara moja tena." Kafedha alikuwa hodari wa kupaona pale. Mazimwi sita ya kwanza aliyapima vizuri hata Nicanor akawa anamwita mpishi. Ngome ya saba ndipo alipomtia Mramba.

Mara ya kwanza alimfanya dhaifu. Alitaka kila mtu amuue, wakubwa kwa wadogo, bila kuchoka. Akampa simu Velma, binti wa shangazi yake, aujaribu. Velma alikuwa anakula viazi karai huku anacheza. Akalipiga zimwi mapigo mawili, likaanguka, akapita.

"Umemwona?" Kafedha akauliza.

"Nimemwona nani?"

"Yule zimwi mwenye kofia!"

"Aa, yule? Nilidhani ni mlinzi wa mlangoni." Velma akachovya kiazi kwenye ukwaju. "Kuna pilipili?"

Kafedha alinyang'anya simu yake. Kumbe mtu akifa kirahisi hafi, anapita tu kama kuku barabarani. Alirudi kwenye kompyuta, akamwongezea Mramba kila alichokuwa nacho: pigo lake moja likaua, jeraha lake likajifunga lenyewe, mwenge wake ukachoma hata mwenye ngao, na kabla ya kila pigo akasema, "Mimi sina neno na mtu." Alitaka watu waonje. Alitaka kila mmoja ahisi alivyohisi Hawe kule vichakani.

Nicanor alipojaribu, alikufa, akafa, akafa tena, akaweka simu mezani.

"Kafe, hii si poa. Huyu hauliki."

"Anaulika."

"Na nani? Hata mimi niliyeandika programu nimeshindwa. Hapa hujapima kitu. Unaadhibu. Sasa mimi nimekukosea nini?"

"Mwache alivyo," alisema Kafedha, kwa sauti iliyomfanya Nicanor aache.

Wakautoa mchezo vile vile. Matusi yalianza mara moja. Watu wa Kisauni, wa Nairobi, hata wa Dar, waliandika kwamba aliyetengeneza ngome ya saba ana roho ya kutu. Kafedha aliyasoma yote akitabasamu. Lakini tabasamu lile halikudumu, maana matusi yaligeuka. Kijana mmoja alifanikiwa kumuua zimwi baada ya kuhangaika mno, akaweka video, akilia kwa furaha kama aliyefaulu mtihani. Wengine wakamfuata. Wakaanza kulisifu lile zimwi. Wakaliita Mzee Sina Neno, wakalitungia vichekesho, wakaweka sura yake kwenye simu zao. Tuktuk moja ya njia ya Mtongwe ikachorwa mgongoni kofia ya kijivu na mdomo wenye pengo, na chini yake, kwa rangi nyekundu: SINA NENO NA MTU.

Siku Kafedha alipoiona ile tuktuk, alishuka kwenye matatu njiani, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kisha ikaja siku ya posa ya Velma. Wazee walikutana Mtongwe kwa shangazi, na Mramba akaja kama mmoja wa wazee wa upande wa shangazi. Alikuwa amezeeka, lakini kofia ilikuwa ile ile. Hajamaliza hata kusalimia, vijana wa uani wakamtambua.

"Jamani! Ndiye! Ndiye mwenyewe!"

Wakamzunguka. Wakapiga naye picha. Mmoja akamwomba aseme lile neno, naye Mramba akalamba midomo, akalisema, uwanja mzima ukaangua kicheko. Alicheka na yeye. Alipofika kwa Kafedha alimpa mkono, na Kafedha, kwa vile wazee walikuwa wanatazama, akasema, "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Kumbe hukunisahau!" Akamwinamia sikioni. "Wananiambia hawaniwezi. Mapanga yote yale, na hawaniwezi. Umenifanya mfalme, mwanangu. Bibi yako angefurahi."

Kafedha alishika ukingo wa meza yenye sinia la pilau hadi kucha zikamuuma. Pale pale, ndani ya kelele za vigelegele, ndipo alipoona kosa lake. Alikuwa amempa Mramba kitu alichokuwa akikitaka siku zote, yaani kuogopwa. Na nguvu alizomwandikia zilikuwa za uongo, kwa sababu Mramba hakuwahi kuwa na nguvu. Hakushika mwenge jioni ile. Hakupiga mtu. Alisimama kando akashusha pumzi, na wengine wakafanya. Nguvu zake zilikuwa za watu waliosimama wakanyamaza.

Kesho yake alikwenda Changamwe hadi kwa Nicanor, asubuhi, kabla hata ya chai.

"Nataka kuivunja ngome ya saba niijenge upya."

"Hatimaye!" alisema Nicanor. "Unampunguza nguvu?"

"Namvua zote. Lakini mchezaji asimvue yeye kwa upanga."

Walifanya kazi ile kwa wiki kadhaa, wakigombana na kupatana. Katika toleo jipya, binti yatima anapoingia uani kwa zimwi, anakuta watu wamesimama kimya, kila mmoja na mwenge wake. Akimpiga zimwi, uhai wake hurudi hapo hapo, maana unatoka kwa wale watu. Akimpiga mmoja wa watu, wengine humsogelea zimwi zaidi, na kazi huwa nzito maradufu. Njia ni kwenda kwa kila mmoja na kumsikiliza. Huyu amefiwa na mtoto na anatafuta wa kumlaumu. Yule anaogopa kuitwa mchawi yeye mwenyewe. Mwingine amelewa, hajui kilichomleta. Mchezaji akijibu ovyo, anafukuzwa. Akijibu kweli, mtu yule anazima mwenge wake na kutoka. Hapo Kafedha alipima kama hajawahi kupima: maneno mangapi, subira kiasi gani, kosa lipi lisamehewe na lipi lirudishe mtu mwanzo. Hakukuwa na wepesi wa vidole ambao ungeokoa mtu. Nicanor alipojaribu alikaa alasiri nzima, shati likamlowa, na hakuinuka.

Mwisho zimwi hubaki peke yake. Kila anapotoka mtu hupungua kimo, hadi huwa mzee mfupi aliyevaa kofia. Analamba midomo, anasema hana neno na mtu. Mchezaji akibonyeza upanga, upanga hautoki kwenye ala. Kinachowezekana ni kumpa mgongo na kuondoka. Na unapoondoka unasikia anakuita, anakuahidi, anakusihi, mpaka sauti inapotea.

Walipolitoa lile toleo, wengine walikasirika wakasema wamenyimwa pigo. Lakini wengi waliandika neno moja tu: "Nimempa mgongo." Likaenea. Ile tuktuk ya Mtongwe ikapakwa rangi upya.

Kafedha hakujua neno hilo limefika wapi mpaka Jael alipobisha hodi. Jael alikuwa mke wa Mramba, mwanamke mpole aliyeishi miaka yote nyuma ya sauti ya mumewe. Alikaa kwenye kochi, mkoba mkubwa miguuni, akapewa chai ya tangawizi.

"Nimetumwa, mwanangu," alisema. "Anaomba umtoe mle ndani."

"Amefanywa nini huko kwenu, mama mdogo?"

Jael akaeleza. Kijijini vijana wote wanaucheza. Mramba akipita, watoto wa shule wanageuka wote kwa pamoja, wanampa mgongo, wanasubiri apite. Mwanzo alicheka. Kisha Jumapili moja Mwarandu, mmoja wa wale walioshika mienge, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wanawe, alisimama kanisani kabla ya matangazo. Akasema mafuta ya taa yalitoka kwa nani, na tembo ya mnazi waliyonyweshwa ilitoka kwa nani. Mramba alipofungua mdomo, watu wa kiti chake wakahama. Hawakumtukana. Walihama tu.

"Siku hizi haendi popote," Jael akasema. "Anakaa ndani na mlango wazi, anangoja mtu apite amsalimie."

Kafedha alihisi kitu kitamu kikimshuka kooni, na hakukionea haya. "Mwambie aje mwenyewe. Asimame mbele ya watu alitaje jina la Hawe, aseme aliyoyafanya. Kisha tumrudishe Hawe kwao, alale kwenye minazi yake. Siku hiyo nitamtoa."

"Hatakuja. Unamjua."

"Basi na akae humo."

Jael alikunywa chai yake yote polepole. Hakuonekana mtu aliyekataliwa jambo. Akaweka kikombe, akajifuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Nami nimeucheza," alisema. "Kwa simu ya mjukuu. Zimwi la nne lilinisumbua sana, yule wa majini. Lakini nilifika."

"Ulifika ngome ya saba?"

"Nilifika. Nikawasikiliza wote." Akatazama dirishani. "Nilipompa mgongo akaniita. Sauti mliitengeneza vizuri, ni yake hasa. Sikugeuka. Halafu nikaanza tena kutoka mwanzo, nipate kumpa mgongo mara nyingine."

Kafedha aliutazama ule mkoba. Ulikuwa umejaa hadi zipu ikakataa kufunga.

"Mama mdogo, unarudi nyumbani leo?"

"Naenda kwa binti yangu, Lynnette, Changamwe. Nimeshamwambia anitandikie." Alisimama, akajifunga leso vizuri. "Ujumbe wake nimeufikisha. Nilimwahidi hilo, na hilo ndilo la mwisho."

Kafedha alimbebea mkoba hadi kivukoni, akamwangalia akipotea katikati ya watu wanaoshuka kuingia feri. Aliporudi alikaa kwenye kochi akajipekua moyoni, amtafutie Mramba huruma, japo kidogo, kwa kuwa ni mzee na sasa hana hata wa kumchemshia maji. Alitafuta kwa haki kabisa, kama mtu anayetafuta kitu alichokwisha kukiweka mahali. Hakuiona. Akainuka, akakusanya vikombe, akaenda kuviosha.