Rangi ya Mtumbwi Juu ya Gari la Kitaliano

Nilikwenda Pemba kwa sababu ya picha kwenye simu: gari jekundu la Kitaliano, la mbio, viti viwili, halijaguswa na fundi tangu zamani, linauzwa Madungu, mjini Chake Chake. Mwajiri wangu, mkusanyaji wa magari wa Dar es Salaam, alisema atalichukua iwapo rangi ni ileile ya kiwandani. Likiwa limepakwa upya, halitaki. Mwenye gari, mjane aitwaye Bi Time, alikuwa anauza ili aende Hija. Nikampigia kumwarifu siku ya kufika. Adabu hiyo nusura initokee puani.

Saa nne asubuhi nilishuka bandari ya Mkoani. Njia nzima hadi Chake Chake karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi, na mimi nawaza gari tu.

Saa sita, Madungu. Bi Time alinipokea kwa mkate wa kumimina na chai ya mchaichai. Nikala taratibu, nisionekane nimefuata gari. Uani kulisikika kitu kikisugua, nami kwa heshima sikuuliza.

Tulipotoka uani, nikaliona gari. Kaka yake, Mzee Faki, fundi wa mitumbwi, alikuwa amechuchumaa na brashi. Boneti yote ilikuwa buluu, rangi ya mtumbwi, mbichi.

"Hatukuonyeshi weye mgeni kitu kimepauka," alisema akitabasamu. "N'lisema n'malize kabla hujesha kunywa chai."

Ningenyamaza, rangi ingekauka na Bi Time asingekwenda Hija. Kusema ni kumvunjia mzee heshima mbele ya dada yake. Nikasema.

"Niwie radhi, mzee wangu. Mnunuzi anataka huko huko kupauka."

Akaweka brashi chini. Bi Time ndiye aliyeleta mafuta ya taa na vitambaa. Kila Ijumaa alikuwa akilipaka gari mafuta ya nazi, kama alivyofanya marehemu mumewe, kwa hiyo buluu haikushika. Nyekundu ikarudi kidogo kidogo. Mzee Faki alifuta pamoja nasi, lakini nilipoondoka hakuniaga.

Jumapili nilirudi Dar es Salaam na picha. Gari likanunuliwa. Nilichojifunza ni kwamba kuna watu ukiwaambia unakuja, hawatulii mpaka wakupambie kitu. Na mimi sikuwahi kupambiwa kitu popote.

Nikampigia Bi Time. Alilia, akamshukuru Mungu, akampa simu kaka yake. Nikaomba radhi tena.

"Ukija siku nyengine," alisema Mzee Faki, "usipige simu. Njoo tu."