Nyuki wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakubali uzio wake ukatwe ukiwa umechanua. Ni uzio wa yale maua ya njano yanayoota kandokando ya barabara kuanzia Kisumu hadi Usenge, marefu kumpita mtu, ambayo Wajaluo huyaita maua makech, yaani maua machungu. Majani yake tunayachemsha kwa homa na kwa tumbo. Mwezi wa kumi, mvua fupi zikianza, yanachanua yote kwa pamoja, na boma lake lililo juu kidogo ya ufuo wa Usenge linaonekana njano tupu hata ukiwa mbali. Wengine hukata mapema na kutandaza majani shambani yawe mbolea. Yeye husubiri. Nyuki wale kwanza, anasema, kisha ndege wale mbegu, halafu ndiyo iwe zamu yetu.

Jambo hilo lilikuwa likinikera. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina kibanda changu pale Mamboleo, mjini Kisumu, na ninapenda vitu vilivyonyooka. Njia ya kuingia kwake ilikuwa imezibwa na matawi pande zote mbili, hata pikipiki ikawa haipiti. Na ndani ya uzio huo kulikuwa na chungu cha zamani cha maji, kimelala kwenye panda ya mti mfupi, na nyuki walikuwa wamehamia humo. Hakuwafukuza. Wakati wa kiangazi aliwawekea maji kwenye karai, akatia na vijiwe wapate pa kusimama wasije wakazama. Nyuki, jamani! Mke wangu aliponionyesha lile karai mara ya kwanza nilicheka mpaka akanuna.

Lakini nilicheka kwa mbali, kwa sababu kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe. Hatusalimiani kwa mkono. Siingii jikoni kwake wala chumba anacholala, na kulala kwake usiku siwezi hata mvua ya mawe inyeshe. Tukikutana njiani, yeye hupita upande huu na mimi ule. Tukiongea, tunaongea kila mmoja akitazama kitu kingine. Kumgusa ni mwiko kabisa. Si kwamba tunachukiana. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na nimelelewa nayo tangu utotoni kule Kaloleni, ambako hata katika nyumba za halmashauri zilizobanana watu walijua namna ya kumpisha mkwe.

Jumamosi ile tulikuwa tumempelekea mlango wa chuma niliomtengenezea mimi mwenyewe. Mlango wake wa mbao ulikuwa umeliwa na mchwa. Niliufunga nikiwa nimesimama nje, mgongo wangu ukiwa kwenye uwanja, naye alikuwa nyuma ya jiko akijifanya hanioni. Mke wangu alikuwa ametelemka ufuoni kununua omena, wale dagaa wa ziwani, wa kurudi nao mjini. Majirani wote walikuwa kwenye mazishi ya mtu wa ng'ambo ya kilima, pamoja na mdogo wa marehemu baba mkwe, mzee anayeishi boma la pili na ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo ya mila. Spika za mazishi zilisikika tangu asubuhi, nyimbo kwa mahubiri, kama vile wameziweka kando ya sikio langu.

Ndama wake alikuwa amefungwa karibu na uzio. Sikuona ilivyoanza, nilisikia tu kitu kimepasuka. Nilipogeuka, kamba ya ndama ilikuwa imejiviringisha kwenye ule mti mfupi, naye alikuwa ameivuta mpaka chungu kikaanguka. Nyuki walitoka kama moshi. Ndama alianza kurusha mateke, akilia kwa sauti ambayo sikujua ng'ombe anayo.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilikimbia. Niliingia nyuma ya mlango wangu mpya, nikauvuta. Kupitia upenyo nikamwona mama mkwe akitoka nyuma ya jiko na kwenda, sio kukimbia, kwenda, moja kwa moja mpaka kwa ndama. Nikapiga kelele, "Mama, acha! Acha huyo ndama!" Hakugeuka. Alipiga magoti, akahangaika na fundo, nyuki wakiwa wamemjaa kichwani hadi kitambaa chake cha kijani kikawa cheusi. Fundo likafunguka. Ndama akatoka mbio kuelekea ziwani. Mama mkwe alisimama, akatembea hatua chache kuja upande wa nyumba, akaketi chini, kisha akalala.

Nilivua koti langu la kazi nikajifunika kichwa, nikatoka. Nilifika karibu naye nikasimama.

Nataka nieleze kusimama huko vizuri, kwa sababu aliyelelewa kwingine atanicheka. Miguu yangu ilikataa. Alikuwa amelala ubavu, gauni limepanda juu ya goti, kitambaa kimetoka, na mvi zake, ambazo sikuwahi kuziona, zikiwa wazi juani. Shingo ilikuwa inavimba mbele ya macho yangu. Kila akivuta pumzi, koo lilipiga filimbi. Huku nyuki wananiuma mikononi na masikioni, mimi nilikuwa nikitafuta mtu. Niliita. Nikaita tena. Ng'ambo ya kilima waombolezaji waliitikia wimbo, na hakuna aliyenisikia mimi.

Jicho lake moja lilikuwa limevimba na kuziba. Lile zima lilinitazama, na mkono wake ukawa unalivuta gauni lifunike goti. Anakufa, na bado ananistahi! Nilitazama maua. Nilitazama popote ila pale. Nikajiambia, sasa huyu akifia hapa mikononi, hapana, hata mikononi si neno, akifia miguuni pangu, nitamwambia nini mke wangu? Kwamba nilikuwa na adabu?

Nilipomtazama tena, lile jicho zima nalo lilikuwa limefumba.

Nilidhani amekata roho. Hofu ilinifanya niwe mtu mwingine. Nilimtupia koti langu, nikamfunika kuanzia kichwani hadi magotini, nikamwinua na kumweka mgongoni kama gunia la saruji, nikatoka mbio kwa njia ile iliyozibwa. Maua yalinipiga usoni. Majani yalinikwaruza. Chavua iliniingia puani nikapiga chafya, na nyuki walitusindikiza. Nilitukana uzio ule kwa lugha zote ninazozijua, nikatukana na ule wema wake. Asante ya punda ni mateke, nilisema kwa sauti, na ya nyuki ndiyo hii! Uliwapa maji, mama, ona sasa! Kama njia ingekuwa wazi, pikipiki ingefika mlangoni.

Njia ilipogawanyika nilishika kushoto, ile ninayoijua, inayozunguka hadi barabarani. Kidole kikanigonga bega.

"Kulia," alisema.

Nusura nimwangushe. Niligeuza shingo. Koti lilikuwa limemteleza usoni, na jicho bado lilikuwa limefumba. Nikashika kulia, tukapita katikati ya shamba la mtama la jirani, na kweli barabara ilikuwa pale pale.

Hatukukuta pikipiki. Waendeshaji nao walikuwa kwenye mazishi. Nilisimama kando ya lami nikiwa nimembeba mama mkwe wangu mchana kweupe, na filimbi ya koo lake ikiwa kwenye sikio langu. Mwanzoni sauti ile ilikuwa ikinitesa. Kisha ikaanza kuwa nyembamba, ikawa inakuja na kupotea, na hapo ndipo nilipojua kwamba ningetoa kibanda changu na mashine zangu zote niendelee kuisikia. "Piga, mama," nilimwambia. "Piga hiyo filimbi, usiache."

Ikatokea pikipiki ikiwa na mitungi ya maziwa. Mwendeshaji alitutazama, akafungua kamba za mitungi na kuishusha kando ya barabara bila kuuliza bei. "Mweke katikati," alisema. "Na umshike kiuno, nisije nikamwacha kwa njia." Nilimshika kiuno. Nani angeniamini? Mwendeshaji aliendesha kama mwizi, na katikati ya mwendo filimbi ilinyamaza kabisa. Nilimtikisa. Kichwa chake kililala begani kwangu na hakikuinuka. Niliomba kwa sauti, mimi ambaye kanisani huenda Krismasi na harusi.

Kwenye zahanati walimpokea mikononi mwangu, wakamchoma sindano pajani na kumwekea hewa. Muuguzi akanigeukia. "Wewe ndio kijana yake?"

"Mimi ni mkwe."

Alinitazama juu hadi chini, Mjaluo mwenzangu, akaelewa yote. Hakucheka. "Basi ora," akaniita, kama waitanavyo wakwe, "leo umeshakuwa daktari. Hii miiba ni mingi na niko peke yangu. Kwangua na kucha, usivute. Shingo na mgongo."

Nikakwangua. Nilianza nyuma ya sikio, nikashuka shingoni, mwiba mmoja baada ya mwingine, na kila nilipoutoa nilisema pole. Yeye alikuwa amefumba jicho vilevile, uso ameuelekeza ukutani. Mahali fulani kati ya shingo na bega, filimbi ilirudi. Ndogo, kisha kubwa, kisha ikawa pumzi ya kawaida ya mama aliyechoka. Nilikaa chini sakafuni.

Mke wangu alifika na omena wake kwenye karai, akakaa na mama yake usiku ule. Mimi nilitafuta malazi sokoni. Jumapili mchana tulimrudisha nyumbani, na yule mzee wa boma la pili alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti uwanjani na fimbo yake. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yetu. Mama mkwe aliingia ndani, akaketi nyuma ya mlango wangu wa chuma ulioachwa wazi kidogo. Mimi nikasimama mbali, karibu na uzio, mahali pangu.

Mzee alianza na nyuki. Alikuwa tayari na chupa ya mafuta ya taa na matambara ya kuwachoma. Nyuki walikuwa wamejikusanya kwenye tawi, juu ya vigae vya chungu, kimya kabisa.

"Wachana nao," alisema mama mkwe kutoka ndani. Sauti ilikuwa bado nzito. "Nyumba yao ilianguka. Hata wewe ungeuma."

Mzee alinung'unika, akaweka chupa chini. Ndipo akafika kwenye jambo lililomleta. Nilijua linakuja. Mkwe akimgusa mama mkwe, lazima mambo yasafishwe, na kabla ya kusafishwa ataitwa mbele ya watu aseme alimgusa wapi na vipi, na yeye mama aseme vivyo hivyo. Mimi ningevumilia. Lakini yeye, kueleza mbele ya wazee habari ya gauni na goti na mgongo? Nilijaribu kutunga uongo na sikupata hata mmoja, kwa sababu kijiji kizima kilituona kwenye pikipiki.

"Mke wa kaka yangu," mzee alisema, "watu wanasema huyu mkwe wetu alikubeba. Ni kweli?"

Niliwasikia nyuki wakivuma kwenye maua nyuma yangu.

"Nani?" aliuliza.

"Huyu hapa. Ora."

"Mimi sijui aliyenibeba," alisema mama mkwe. "Macho yalikuwa yamevimba, yote mawili. Sikuona mtu."

Yote mawili! Nilikuwa nimesimama mbele ya lile jicho zima. Nilikuwa nimelitazama likinitazama. Sasa ndipo nilipoelewa kwamba halikufumba kwa sumu. Alikuwa amelala pale anakosa hewa, akaona kijana wa watu ameshikwa na aibu na hawezi kusogea, akalifumba mwenyewe, akanifungulia njia.

Mzee alinigeukia polepole. Si mjinga yule mzee. "Na wewe, ora? Ulimbeba nani?"

"Nilibeba mgonjwa, Mzee," nilisema.

"Umesikia," alisema mama mkwe. "Alibeba mgonjwa. Mimi ninakaa tu hapa na mlango wangu. Na huyo kijana tangu jana hajakula, na mko naye hapo mnamuuliza maswali. Mpeni chai."

Mzee alikohoa, akatazama fimbo yake, halafu akaanza kuongea habari za mvua.

Tulipoondoka jioni sikumuaga kwa mkono. Alikuwa uwanjani, na aliponiona nakuja akageuka na kunipa mgongo kama kawaida, nami nikapita mbali naye nikitazama chini kama kawaida. Kwenye ile njia nililazimika kuinama chini ya matawi, na hapo machozi yakanitoka, nikalia bila kuyafuta mpaka tukafika barabarani. Mke wangu alinipa kitambaa akasema sumu ya nyuki ndivyo ilivyo, huchelewa kutoka machoni.