Jicho la Kijani la Pete ya Mama Albertine

Usiku ule simu iliwekwa katikati ya meza, na sisi watatu tukaizunguka kama watu wa matanga. Parfait, mchumba wa binti yetu Jaël, alikuwa amekwenda kumweleza mama yake yaliyoipata pete, na aliahidi kupiga. Simu haikulia.

Mume wangu Germain ni sonara. Baba yake alifua pete tangu mji wetu wa Likasi ukiitwa Jadotville, enzi za Wabelgiji, naye alirithi koleo zake. Watu humletea pete za bibi zao. Anaigeuza pete kidogo tu na kukuambia ni ya wakati gani. Za zamani dhahabu yake ni nyekundu kidogo, kwa sababu wazee waliichanganya na shaba. Mabega yake, pande mbili za jiwe, yamechongwa majani kwa mkono, na jani moja halifanani na jingine. Za siku hizi, anasema, zinatoka kwenye mashine kama biskuti.

Pete ya familia ya Parfait ilikuwa ya zamani hivyo, na juu yake jiwe la malakiti, kijani, lenye miviringo kama jicho. Kila bibi arusi wa ukoo wao aliingia nayo kanisani. Ilimbana Jaël, ikabidi ipanuliwe. Mama Albertine, mama yake Parfait, aliileta mwenyewe ndani ya leso.

“Baba Jaël, hii pete mama-mukwe yangu aliniwekea mu kidole na mukono yake. Ukiiharibisha, nitakata kidole yako!”

Tulicheka wote. Germain alicheka zaidi.

Pete ikipanuliwa hukatwa, huongezwa kipande cha dhahabu, halafu hulehemiwa kwa moto. Malakiti haivumilii moto; lazima itolewe kwanza. Germain anajua hayo kama anavyojua jina lake. Lakini makucha yaliyoshika jiwe yalikuwa yamelika, membamba kama unywele, akaogopa yatavunjika akiyafungua. Akalifunika jiwe kwa nusu ya kiazi kibichi, kama anavyofanya kwa mawe magumu, akawasha moto. Nilikuwa mlangoni. Niliona anavyoisogeza pete karibu kabisa na pua, nikamuuliza:

“Baba Jaël, weye unaona muzuri?”

“Mama, acha. Macho yako inaona vumbi kabla ianguke.”

Alipotoa kiazi, jiwe lilikuwa jeusi kama mkaa.

Jaël alilia sana, halafu akasema, “Papa, weka ingine. Malakiti iko mingi hapa Likasi.”

“Jicho kama ile haiko ingine. Mama Albertine anaijua. Na minye siwezi kumudanganya.”

Tangu hapo hajashika koleo.

Kulipokucha, simu ikiwa bado kimya, tulikwenda Shituru kwa miguu, mpaka kwa Mama Albertine, kwenye nyumba za kampuni ya migodi. Germain alibeba pete ndani ya leso ileile. Akabisha. Ndani redio ilikuwa inasema, ikazimwa. Niliona pazia la dirisha linasogea, na vidole vya mwanamke vimelishika.

“Mama Albertine,” Germain aliuambia mlango, “ni minye. Kidole niko naleta.”

Hakuna aliyecheka. Jaël alitazama viatu vyake. Pazia lilirudi mahali pake. Tulisimama pale mpaka jua likafika kizingitini, na mlango ulibaki umefungwa.